Hapana ya Kwanza

Siku ile tulikuwa sebuleni kwa baba mdogo, Makere, upande wa Kasulu: baba mdogo mwenyewe, mama mdogo, shangazi aliyekuwa amefika jana yake kutoka Muyama, na mimi. Mwenye jambo hakuwepo. Alikuwa chuoni, kwenye chumba cha mtihani, simu yake imezimwa.

Mwenye jambo ni mdogo wangu wa pekee. Anasoma kilimo, mwaka wa pili. Chuoni kwao kila mwanafunzi hupangiwa mhadhiri wa kumshauri: achukue masomo gani, aache lipi, na ikitokea nafasi nje ya darasa, amwelekeze. Yeye alipangiwa mama mmoja ambaye sisi tulimjua kwa kusimuliwa tu. Mdogo wangu alinisimulia habari zake kila alipopiga simu. Kwamba anasoma kazi zao mpaka ukurasa wa mwisho. Kwamba mwanafunzi akiingia ofisini kwake anaulizwa kwanza kama amekula.

Mama huyo alikuwa amemtafutia nafasi ya kukaa likizo ndefu yote kwenye maabara ya udongo, akifanya kazi na watafiti. Walikuwa wanamchukua mmoja tu katika mwaka wao. Mdogo wangu akamwambia ukweli, kwamba likizo ndefu ndiyo wakati wa kutayarisha mashamba kabla ya mvua, dada yake analima peke yake, na jambo kama hilo hawezi kuliamua bila wazee. Mwalimu akasema basi atazungumza na wazee.

Namba aliyopewa ilikuwa ya baba mdogo. Mdogo wangu nimemlea mimi, lakini kwetu neno la namna hiyo hujibiwa na mwanamume wa ukoo, na mdogo wangu ana adabu. Ndiyo maana nilitoka Kibondo alfajiri, nikaenda kuketi pale nisikie.

Simu ilipoita, mama mdogo akaiweka spika na kuilaza juu ya meza, katikati ya vikombe. Mwalimu alisalimia vizuri, akampa kila mmoja pole ya kazi. Akaeleza habari ya maabara polepole, akasema mtoto wetu ana kichwa, na kwamba nafasi kama ile humfungulia mtu njia hata baada ya kuhitimu. Akaomba tumwachie.

Baba mdogo alijiweka sawa kitini. Alikuwa amevaa koti.

"Mwalimu, tunakushukuru," akasema. "Lakini huyu mtoto ana kazi nyumbani. Hatuwezi kumtoa."

Mwalimu akasema ameelewa, akashukuru, akatuombea heri, akakata.

Hakuna aliyeshtuka. Kwetu mtu akija kuomba kitu kikubwa, awe anaoa au anataka shamba, hapewi siku hiyo. Huambiwa hapana kwa upole, naye huenda akajipanga, akarudi. Mara ya pili mnaongea, mara ya tatu mnakubaliana. Anayepewa mara ya kwanza huonekana kapewa kitu kisicho na mwenyewe.

"Mimi niliombwa mpaka viatu vya mshenga vikaisha soli," shangazi akasema.

"Na ulipofika kwa mumeo wakajuta," mama mdogo akamjibu, na wote wawili wakacheka. Kisha mama mdogo akaigiza sauti ya mwalimu. Alisema ni Kiswahili kilichopigwa pasi, mtu anaogopa kukijibu asije akakikunja.

Baba mdogo hakucheka. Aligeukia kwangu. "Nimefanya vile makusudi," akasema. "Asije akadhani ni mtoto wa barabarani. Ana kwao."

Nilimwitikia. Niliona yuko sawa. Tangu wazazi wetu wafariki, watu wengi walikuwa wametuombea, wengine wametupa msaada, lakini sikuwahi kusikia mtu mzima akisema sisi ni kitu cha kuombwa mara mbili. Tulikula ugali wa muhogo na maharage. Jioni nikarudi Kibondo.

Tukangoja simu ya pili. Baba mdogo alikuwa anakwenda nayo mpaka shambani, mama mdogo aliniambia, na usiku anaichaji hata ikiwa imejaa. Mimi nilikuwa nalima. Wiki ile ikaisha, nyingine ikaanza, na mwalimu hakupiga.

Aliyepiga ni mdogo wangu. Mitihani ilikuwa imeisha. Alikuwa amekwenda ofisini kwa mwalimu wake kuuliza, akaambiwa kwamba nyumbani wamekataa.

"Dada, mmenikatalia?"

Nikamwambia hatukumkatalia. Baba mdogo alijibu jibu la kwanza tu.

Mdogo wangu anajua jibu la kwanza ni nini, na alipofahamu nadhani ndipo ilipomuuma zaidi, kwa sababu hakuwa na mtu wa kumkasirikia. Aliuliza habari za shamba. Nikamwambia naendelea. Akasema sawa.

Baada ya simu ile nilikaa kwenye kizingiti muda mrefu. Nilikuwa kidato cha pili mama alipomfuata baba. Mkuu wa shule alikuja nyumbani mara moja, akasimama uani, akaniomba nirudi darasani, mdogo wangu atatafutiwa namna. Nilimwambia siwezi. Alitikisa kichwa kwa huruma, akaenda zake. Hakurudi, na mimi sikumfuata. Sisemi kwamba angerudi ningekwenda. Sijui. Hakurudi tu.

Nikamtumia mdogo wangu ujumbe anipe namba ya mwalimu.

Kwetu mtandao unashika vizuri kwenye njia panda, karibu na mashine ya kusaga. Nilisubiri mashine inyamaze. Mwalimu alipopokea nilijitambulisha, nikasema mimi ndiye dada, na nimepiga bila kutumwa. Nikamweleza ile hapana. Nilivyokuwa naeleza, nikaona jinsi ilivyo ngumu kumweleza mtu wa mbali kwamba neno ulilomwambia waziwazi hukulimaanisha.

Alisikiliza mpaka mwisho. "Dada yangu," akasema, "mimi nilitaka niwaheshimu. Mzee akishasema hapana, mimi ni nani hata nimbishie?"

"Alikuwa anangoja umbishie, mwalimu."

Akasema nafasi ya maabara keshampa mwanafunzi mwingine, jina limeshapelekwa, na kumnyang'anya yule sasa itakuwa dhambi nyingine. Nikamwambia simwombi hilo. Nikamwambia naomba kwa mara ya pili, kitu chochote kitakachokuwepo, na kwamba shamba nitalima mwenyewe.

Hakuniahidi. Siku chache baadaye alimwita mdogo wangu, akampeleka kwa rafiki yake kwenye kituo cha mbegu, mbali na chuo. Si kazi na watafiti. Anapima mbegu, anajaza vifuko, anaandika vibandiko. Mwalimu alimwambia hayo yote kabla hajaenda, asije akadhani ni kazi ya maabara. Akamwambia pia kwamba mwakani ataandika jina lake tena kwa ajili ya maabara, lakini wa kuchukuliwa hamchagui yeye peke yake.

Alikwenda. Akipiga simu anasema kazi ni nzuri. Yule mwenzake wa maabara humtumia picha, naye huzitazama. Hajalalamika hata siku moja. Kwa sauti yake siwezi kujua.

Baba mdogo aliyasikia kwa wengine. Shangazi ndiye aliyenipigia.

"Wewe mtoto, umemtoa baba yako neno mdomoni," akasema. "Kamwombe msamaha kama watu."

Kama watu maana yake ni mtungi wa pombe ya ndizi, niliyoikamua mwenyewe, niibebe mpaka Makere, niiweke mbele yake na kusema nilichofanya. Yeye aonje kwanza, kisha anipe na mimi. Pasipo hivyo jambo haliishi. Baba mdogo mwenyewe hajanitajia kitu. Nikipiga simu ananisalimia, anauliza kama mvua imekaribia, kisha anampa simu mama mdogo.

Kuivisha ndizi, kukamua, kungoja pombe ikolee, kusafiri na kurudi, ni kazi ya nyumba yenye watu wawili. Mimi mchana niko shambani, na upande wa bondeni bado haujaguswa jembe. Mikungu miwili nilikuwa nimeifukia shimoni ili iive. Ikaiva nikiwa nalima, ikapitiliza, nikawapa nguruwe wa jirani.

Shangazi ameniuliza tena juzi. Nimemjibu kwamba sijasahau, na kwamba mtungi wa baba mdogo bado ni deni langu.