Jina la Vibanda vya Kiangazi

Siku yangu ya kwanza ya kulea wazee, hapa Buffalo, Marekani, muuguzi msimamizi alinipa sheria moja: "Kabla hujamgusa mtu, mwite jina lake. Akiitika, ndipo umgeuze." Kumgeuza ni kumbadilisha ubavu, ngozi isichubuke. Mikono yangu ilishazoea kazi. Louisville nilifunga maboksi, Columbus nikasukuma matoroli ghalani. Ulimi ndio ulionitesa, maana mzee wangu wa kwanza, mtaa wa Riverside, aliitwa Summerscales.

Jina lile lilinipiga chenga kila asubuhi. Siku moja nikamuuliza ndugu zake waliitwaje.

"Summerscales wote. Na baba, na babu."

"Wote jina moja? Baba yenu alichoka kufikiri?"

Alicheka hadi nikamshika mgongo. Kwetu, kwenye milima ya Kivu Kusini, kila mtoto hupewa lake, ndiyo maana wanangu wana majina mbalimbali na ofisi za hapa hudhani tunadanganya.

Akanieleza kwamba katika lugha ya kale ya kaskazini mwa Uingereza, jina lake ni vibanda vya kiangazi. Majani yakichipuka, wachungaji walipandisha ng'ombe milimani, wakalala vibandani, wakateremka baridi ikianza. Walioishi karibu na vibanda hivyo wakabaki na jina.

Dirishani Mto Niagara ulipita polepole, nami nilikuwa juu malishoni kwetu, mtoto tena, ukungu magotini, moshi na maziwa puani. Niliona raha, kisha uchungu.

"Sina mtoto," akasema. "Nikifa, linakwisha."

Tangu siku hiyo alikula kidogo tu, na utani ukamtoka.

Mwezi uliofuata binti yangu alijifungua msichana, na zamu ya kutoa jina ilikuwa yangu. Nilipotaja Summerscales alishtuka, akasema kwa Kiswahili chetu chenye Kifaransa:

"Mama, donc utamupa mutoto jina ya Muzungu?"

"Ni jina ya kibanda ya ng'ombe. Na siye tulilalaka mule."

Nilimwambia mzee. Alifumba macho, nikadhani amelala.

"Ana ng'ombe?"

"Bado."

"Mtafutie," akasema, akaomba uji.

Majira ya baridi yalipofika, asubuhi moja nilimwita taratibu, kama nilivyofundishwa. Hakuitika. Nikamwita tena, ndipo nikamgusa.

Sasa nimestaafu. Mjukuu wangu anasoma, na ng'ombe sijampatia. Kila asubuhi nasimama kando ya kitanda chake namwita, "Summerscales!" kabla sijavuta blanketi. Anaitika kwa Kiingereza, kwa hasira ya usingizi, nami nashukuru.