Tarehe Niliyoshindwa Kuiandika

Siku moja naikumbuka kuliko zote, mwanangu, wala si ile niliyofiwa na mume wangu. Ni siku iliyokuja wiki tatu baadaye. Nilikuwa ndani, nyumbani kwa mama mkwe wangu hapa Dunda, Bagamoyo, nimevaa nguo nyeupe, nakaa eda. Mjane kwetu hukaa miezi minne na siku kumi, hajipambi, hatoki bila dharura. Nilikuwa na miaka ishirini na sita, tena mwanafunzi wa mwaka wa pili wa chuo kikuu huko Dar es Salaam, nasomea ualimu.

Asubuhi ile alinijia mwenzangu wa chuoni, Zawadi, mtu wa Ubena. Alipiga hodi, akamwamkia mama mkwe wangu, Bi Mwanahawa, akaketi nami mkekani, akatoa karatasi mkobani. Ilikuwa fomu ya kuahirisha masomo.

"Jana nilisimama foleni kwa msajili tangu saa mbili," alisema. "Karani akaniuliza kama mimi ndiye niliyefiwa na mume. Nikamwambia, dada, mimi hata wa kufiwa naye sijampata."

Bi Mwanahawa alicheka. Tangu tumzike mwanawe sikuwa nimemsikia akicheka.

"Haya, jaza shoga," Zawadi akaendelea. "Ijumaa dirisha linafungwa. Ukijaza, mwakani unarudi pale pale ulipoachia. Usipojaza wataandika kwamba umeacha chuo. Utakuwa umedisko na mtihani hujaufanya."

Kudisko ndilo neno letu la chuoni la mtu kuondolewa masomoni. Nikashika kalamu. Niliandika jina langu, namba ya usajili na masomo niliyojiandikisha. Kisha nikafika kwenye kisanduku kimoja kidogo kilichouliza: tarehe ya mwisho kuhudhuria masomo. Hapo mkono ukasimama.

Nikueleze kwa nini, na nakuomba unisikilize bila kunipunguzia makosa, maana mimi mwenyewe nimejipunguzia kwa miaka mingi.

Mwanzoni mwa muhula ule tulipewa orodha ya masomo ya kuchagua. Mimi nilitaka historia. Wenzangu, Zawadi akiwamo, walikuwa wakijiandikisha takwimu, kwa sababu walisema ndiyo yenye kazi. Sikuuliza mtu, sikujiuliza mwenyewe, nikafuata migongo yao mpaka mezani nikaandika takwimu. Wiki ya kwanza sikuelewa kitu. Ya pili vilevile. Dirisha la kubadili masomo lilikuwa wazi kwa hizo wiki mbili, na kilichotakiwa kilikuwa saini ya mshauri wangu wa masomo tu. Nilikwenda mpaka mlangoni kwake mara mbili. Mara zote mbili nikaona haya kumwambia mzee wa watu kwamba nimeshindwa hata kabla ya kuanza, nikageuka.

Dirisha likafungwa. Wiki ya tatu kukatangazwa jaribio la takwimu, nami sikwenda. Kwa kuwa sikwenda kwenye jaribio, niliona aibu kuingia darasani siku iliyofuata. Na kwa kuwa aibu ikishapata mlango haikai chumba kimoja, nikaanza kukosa na masomo mengine, hata yale niliyoyaweza. Wiki mbili nzima nilishinda hosteli, nimejifunika shuka kama mgonjwa.

Mume wangu, Salum, alikuwa akifanya kazi kwenye mashamba ya chumvi. Kila Alhamisi alinipigia simu akishatoka kazini. Nilijua anapiga akiwa bado na chumvi mikononi, maana alikuwa akilalamika vidole vinamwasha. Alhamisi ya mwisho aliniuliza, "Hesabu zinakwendaje, mwalimu?" Nikamjibu, "Zinakwenda." Jumatatu alishikwa na homa. Jumatano nilikuwa nimekaa pembeni ya jeneza lake.

Sasa umeona kile kisanduku kilikuwa kinaniuliza nini. Kama ningeandika tarehe ya kweli, kila mtu angeona kwamba niliacha kusoma wiki mbili kabla ya msiba. Kama ningeandika tarehe aliyofariki Salum, ningekuwa nimemtumia maiti kuficha uvivu wangu, nami nimevaa nguo za eda yake. Kweli sikuiweza, na uongo ule nao sikuuweza. Nikaweka kalamu chini.

"Mimi niko eda," nikasema. "Mambo haya ya dunia siyashughulikii sasa."

"Nani kakwambia?" Bi Mwanahawa akauliza.

"Ndivyo ilivyo, mama."

"Mimi nimekaa eda mara mbili, mwanangu. Ya pili nilikuwa nauza vitumbua dirishani, watoto wangekula nini? Hebu ngoja."

Akavaa baibui lake akatoka. Zawadi alinitazama, nami nikawa natazama ukili wa mkeka. Mama mkwe wangu aliporudi alikuwa anahema.

"Nimetoka kwa maalim. Anasema kuandika karatasi hakuvunji eda. Na ikilazimu uende mwenyewe, nenda mchana, urudi ulale hapa. Andika, mwanangu. Salum alipenda usome."

Nikaangua kilio. Zawadi naye akalia, na Bi Mwanahawa akanikumbatia, wote wakidhani ni msiba. Nusu ulikuwa msiba kweli. Nusu ya pili naijua mimi na Mola wangu. Zawadi aliiacha ile fomu, akasema atapita tena Alhamisi. Alipopita niliagiza aambiwe nimelala. Ijumaa ikaja, ikapita.

Eda ilipokwisha, Bi Mwanahawa alinisindikiza chuoni. Hakuwahi kufika mahali pale. Alivaa viatu vyake vya Idi, akamwamkia kila tuliyekutana naye njiani, wengine rika la wajukuu zake. Dirishani alikaa kijana mmoja mpole. Akatafuta jina langu muda mrefu.

"Dada, umeondolewa. Hapa inasema umeacha masomo bila taarifa."

"Alifiwa na mume," mama mkwe wangu akasema. "Mume mwenyewe ni mwanangu mimi."

"Poleni sana, mama. Lakini sisi tungejuaje? Msiba wa Bagamoyo hausikiki hapa. Ingeletwa karatasi moja tu, nafasi yake ingekuwapo."

"Na sasa?"

"Sasa aombe upya, kama mtu ambaye hajasoma. Aanze mwaka wa kwanza, akipata."

Tulipotoka tuliketi kwenye ngazi za jengo lile. Wanafunzi walikuwa wakipita na madaftari yao. Bi Mwanahawa akaniuliza taratibu, "Ulikuwa unaogopa nini, mwanangu?"

Ule ulikuwa mlango, mwanangu. Aliufungua yeye mwenyewe na kunishikia. Nami nikamjibu, "Niliogopa kuvunja eda, mama."

Akasema, "Haya." Akainuka, akakung'uta baibui lake, tukarudi nyumbani.

Mji mdogo unayajua maneno yake. Haukupita mwezi, mtaani wakawa wanasema Bi Mwanahawa kamfungia mkwewe ndani, kamkatia masomo, kwa sababu hakutaka ampite mwanawe hata akiwa kaburini. Yakafika Zinga kwa kaka yangu mkubwa, Hamisi. Kaka ndiye aliyenilea na kunisomesha. Aliacha shamba lake siku ile akaja moja kwa moja. Mimi nilikuwa chumba cha ndani, nasikia kila kitu kupitia pazia.

"Mama, mimi nakuheshimu," alisema Kaka Hamisi. "Lakini umemharibia mdogo wangu maisha. Dini gani hiyo isiyoruhusu hata karatasi?"

Nilingoja Bi Mwanahawa amwambie. Alikuwa na maneno yote. Angeweza kumtaja Zawadi, angeweza kumtaja maalim, angeweza kuniita mimi nitoke niseme. Nilisikia kikombe kikiwekwa chini.

"Nisamehe, baba," akasema. "Sisi watu wa zamani hatujui mambo ya vyuo."

Kaka akaondoka bila kunywa chai. Mimi sikutoka chumbani. Alipoingia kunipa uji, Bi Mwanahawa alizungumza habari za mvua.

Kwa nini alifanya vile? Nimejiuliza miaka yote. Nadhani aliona nina maiti yangu ya kubeba, akaona asinizidishie, akajitwisha mzigo mpaka nipate nguvu nijitwishe mwenyewe. Sikuupokea kamwe. Sikuomba chuo tena. Nikawa nafundisha watoto wa chekechea hapa hapa mtaani, kazi niifanyayo hadi leo, na niliishi na yeye nyumba moja mpaka nywele zangu nazo zikabadilika rangi. Nilimpikia, nilimwogesha alipoanza kushindwa. Watu wakanisifu kwamba mkwe aliyenikatia masomo nimemlipa wema. Niliwaacha wanisifu hivyo, naye anasikia. Hilo, mwanangu, ndilo linaloniuma kuliko chuo.

Amefariki mwaka huu. Hakuugua sana. Kila siku ya ugonjwa wake nilisema nitamwambia kesho, kwamba najua alichonifanyia, kwamba anisamehe. Nilijua kusema kesho. Ndivyo nilivyosema mlangoni kwa mshauri wa masomo.

Siku ya hitma yake, watu walipokuwa bado wamekaa, nilimsikia shangazi mmoja akimwambia mwenzake, "Alikuwa mtu mzuri marehemu, ila lile la masomo ya mkwewe." Kaka Hamisi alikuwa amekaa karibu, mzee sasa, anatembelea mkongojo. Akatikisa kichwa kukubali. Nikasimama. Sikuwa nimepanga kusimama. Nikasema mbele yao wote: fomu ililetwa, marehemu alinisihi niandike, alikwenda kwa maalim kwa miguu yake, na mimi ndiye niliyekataa kwa sababu nilikuwa nimeacha kusoma kabla mume wangu hajaugua. Nilikuwa nimeona haya kusema nimeshindwa somo moja.

Kaka Hamisi alinigeukia. Alikuwa na macho mekundu.

"Miaka yote hii sikula kwake," alisema. "Nimekuja kwenye hitma yake ndipo nimeonja chakula cha nyumba hii. Sasa niambie, mdogo wangu, mimi nikamwombe nani radhi?"



Ndiyo maana nakuandikia wewe unayekwenda chuo mwaka huu, na wewe uliyeko huko tayari na umejifunika shuka. Mambo yenu ya kujisajili kwa simu siyajui vizuri, ila nimeuliza watoto wa jirani wakaniambia madirisha bado yapo, yanafunguliwa na kufungwa kwa siku zake. Basi siku ya kuchagua masomo, chagua lile unaloweza kukaa nalo peke yako, wenzako wakiwa hawapo. Ukiona wiki mbili zimepita na hulielewi, nenda kwa mshauri wako dirisha likiwa wazi, mwambie hulielewi. Yule mzee niliyemwonea haya, nadhani angetia saini akaendelea na chai yake. Kubadili somo si kufeli. Na kama huna budi kuacha, kwa msiba, kwa uzazi, kwa maradhi au kwa kuchoka tu, acha kwa maandishi, ukiwa umeomba, ili siku ukirudi wakukute kwenye kitabu chao. Wenzetu wale wa chuoni hawaji matangani. Kwao asiyeandika amekimbia.

Na wakikuuliza tarehe, andika ya kweli. Inaaibisha siku moja. Mimi niliikwepa siku moja, ikanichukulia nafasi yangu, na mwanamke aliyenipenda nikamwachia aibu yangu mpaka kaburini. Ukiona mtu amejitwisha lawama yako kwa huruma, usimshukuru kimoyomoyo. Toka chumbani siku ile ile, pazia ulisogeze, useme.

Mwenyezi Mungu akupe elimu yenye manufaa, akupe na kifua cha kusema "nimeshindwa" mapema, watu wakingali wanaweza kukusaidia. Akukutanishe na washauri wapole na wakwe wema, na akujaalie uwatake radhi wakiwa hai, wakikusikia. Na Bi Mwanahawa amlaze pema, amnyooshee jina lake huko aliko kama nilivyojaribu kulinyoosha hapa, kwa kuchelewa. Amina.