Mhubiri wa Ndondo

Alfredi alijulikana kwa sauti yake kabla hajajulikana kwa jina. Siku za mnada huko Chiwata baba yake alimsimamisha juu ya ndoo iliyopinduliwa, akamwamuru ahubiri. Watu waliokuja kutafuta vitenge na majembe walisimama kumtazama mtoto mwembamba akiwaonya juu ya moto wa jehanamu bila kipaza sauti, na wauza samaki wa ng'ambo ya mnada wakamsikia neno kwa neno.

Baba huyo, Mzee Yeremia, zamani alikuwa Mwanglikana wa Lulindi, na ndiko Alfredi alikobatizwa. Mtoto akiwa bado mdogo, mzee alijitenga na wenzake akidai wamepoa, akajiunga na kikundi kidogo kilichojiita Masalia. Kwa Masalia hapakuwa na redio. Hawakuitazama ngoma, sembuse kuicheza. Wanawake wao hawakusuka nywele, na jirani akitoa watoto jandoni, wao walifunga mlango. Mpira wa miguu ulikuwa sanamu, maana watu waliupigia kelele zinazomstahili Mungu peke yake.

Shamba lao la mikorosho lilipakana na la Fakihi, mkulima Mwislamu ambaye hakupuliza salfa, dawa ya mikorosho, wala kuokota korosho bila redio yake kuning'inia tawini. Mwisho wa wiki redio ile ilitangaza mpira. Alfredi aliokota upande wa kwao, masikio yakiwa upande wa Fakihi. Hakuwahi kuona mechi hata moja, lakini aliijua krosi, aliijua kona, alijua jinsi mtangazaji anavyovuta pumzi penalti ikikaribia kupigwa. Baadaye akaanza kujaribu mwenyewe, akiwatangaza kuku wa mama yake waliogombea pumba. Jogoo anampiga chenga kuku mweusi, anaingia ndani ya kumi na nane...

Baba alimkuta katikati ya bao.

Jumapili iliyofuata alipigishwa magoti mbele ya kusanyiko, akatubu kosa la kutangaza kuku. Mama yake, Wema, alikaa upande wa wanawake, kanga mdomoni, na Alfredi hakujua kama analia au anacheka.

Alipomaliza kidato cha nne, wazee wa Masalia walikata shauri awe mhubiri wao, na mchumba walikwisha kumtafutia. Alfredi aliomba kuzungumza na baba yake barazani. Alisema anampenda Mungu, ila haioni dhambi iliyomo kwenye mpira, na hawezi kuwahubiria watu jambo asiloliamini.

"Ukikaa hapa, utahubiri," alisema mzee. "Ukiondoka, usiseme nimekufukuza. Utakuwa umechagua."

Alichagua Newala, kwa mama yake mdogo Dominika, fundi cherehani wa sokoni. Gari lilipoanza kukwea kona za mlima, hofu ilikuwepo na furaha ilikuwepo, na hakuweza kuzitenganisha. Dominika alimpokea kwa ugali wa muhogo na swali moja tu: atasali wapi? Alfredi akasema hajui bado.

"Basi kula kwanza," akasema Dominika.

Siku ya kwanza uwanjani alisimama karibu na goli akingoja adhabu. Upepo wa Newala ulipeperusha vumbi jekundu. Winga mmoja akachomoka na mpira kutoka katikati, akampita mmoja, akampita wa pili, akafunga. Mtu asiyemjua alimkumbatia Alfredi na kumnyanyua juu. Radi haikupiga. Alijikuta anapiga kelele, na sauti yake ilikuwa juu ya sauti zote.

Mashindano yale yalikuwa ndondo, mpira wa mtaani ambao bingwa huondoka na mbuzi, na mwandaaji wake aliitwa Nurdini. Alfredi alimfuata, akamwamkia, akaomba kutangaza kipindi cha pili. Nurdini akamuuliza amewahi kutangaza wapi. Alfredi akajibu ukweli: kwa kuku. Nurdini alicheka mpaka akajishika kiuno, kisha akampa kipaza sauti.

Mwanzoni aliharibu. Alipaza sauti kama yuko mnadani, spika zikakoroma, akinamama wa maandazi wakaziba masikio. Kwa mazoea akaita, "Wapendwa katika Bwana," na uwanja mzima ukaangua kicheko. Lakini hakikuwa kicheko cha kumfukuza. Alfredi akashusha sauti, akaanza upya.

"Wapendwa wa Newala, mwoneni beki huyu, hasinzii wala halali! Winga anakuja, anabisha hodi, mlango umefungwa. Anazungukia dirishani. Beki ameteleza, wapendwa, beki ameanguka, na mpira ule, mpira uleee, wavuni!"

Waliokuwa wameketi walisimama. Kuanzia hapo kila kona ilipopigwa, mashabiki waliitikia "Amina". Nurdini akamwambia kesho awahi.

Sasa waandaaji humwita hadi Tandahimba na Masasi, na zipo timu zinazosogeza mechi ili ziendane na nafasi yake. Jumapili asubuhi husali kwa Waanglikana, kiti cha nyuma; ngoma ikipigwa kanisani mguu wake huenda wenyewe. Masalia hawakumtoka wote. Akikosea jina la mchezaji, magoti bado hutaka kugusa sakafu.

Mwaka huu ndondo ikapelekwa Chiwata. Alfredi alitangulia nyumbani, akamwamkia baba yake, akamweleza kwamba kesho spika zitasikika hadi barazani.

"Nitakuwa shambani," alisema Mzee Yeremia. Kisha akaongeza, "Usitukane watu kwenye hiyo mashine."

"Sitatukana, Baba."

Alitoka pale akitembea upesi, karibu kukimbia. Alikuwa amejiandaa kwa mlango uliofungwa.

Kesho yake mama yake alikuja uwanjani, akasimama nyuma ya meza ya mtangazaji. Kipindi cha pili Chiwata wakafunga, ila mshika kibendera akalikataa bao, kwamba mfungaji ameotea. Wema akainama na kuuliza kuotea ni nini. Alfredi akaziba kipaza sauti kwa kiganja, akamfafanulia harakaharaka: pasi ikipigwa, mshambuliaji asiwe karibu na goli kuliko beki wa mwisho. Mama akautazama uwanja, akakunja uso.

"Basi yule hakuotea," alisema. "Nimemwona. Yule beki mrefu alikuwa karibu na goli kuliko yeye."

Kiganja hakikuwa kimeziba vizuri. Maneno yalitoka kwenye spika zote, mashabiki wa Chiwata wakalipuka, refa akageuka kuitazama meza. Na Wema, ambaye alikuwa hajawahi kusema neno mbele ya kusanyiko lolote, akavuta kiti karibu na mwanawe, akaketi.