Picha ya mama ni ileile, maua tu ndiyo yanabadilika

Leo ni Jumapili ya kwanza ya mwezi wa tisa. Nilitoka kwetu, mji wa Baraka, mwaka jana mvua zikianza, na sijarudi hata mara moja. Admin, naomba ufiche jina langu. Nina miaka ishirini na tisa, sijaoa, shule niliachia darasa la tano. Nachimba dhahabu huku kusini mwa Fizi, mahali ambapo ukitaka mtandao lazima upande kilima. Nyumbani niliacha watu wawili tu, mama yangu na mdogo wangu wa kike.

Huyo mdogo wangu anajua simu. Watu wa Baraka wanamletea picha za ndoa na za kwaya, naye anazizungushia fremu za maua, mioyo na njiwa, na maneno ya kutakia heri. Tangu nifike huku ananitumia picha ya mama kila Jumapili. Mwanzoni mama alikuwa anamenya mihogo, au yuko na bamama wenzake wa kanisa, au amekunja uso kwa sababu hapendi kupigwa picha. Nilikuwa nawaonyesha wenzangu kwa majivuno.

Baada ya Pasaka ikaja picha ya mama amekaa kwenye kigoda, kitenge cha bluu, kuku karibu na mguu wake, fremu ya waridi. Jumapili iliyofuata, fremu ya rangi ya dhahabu. Kisha njiwa. Mimi nilikuwa naangalia maua. Nilisema mdogo wangu anazidi kuwa fundi.

Mwezi uliopita tulikuwa tumepumzika, jirani yangu wa Baraka ambaye tunachimba naye shimo moja akaomba simu yangu aangalie picha. Akasema, "Mama yako na ile kuku yake. Hamujaikula tu?" Tukacheka. Nikachukua simu nami nikazirudia moja moja. Kitenge kilekile. Kuku yuleyule, ameinua mguu uleule. Mara mdogo wangu amekata akabakiza uso, mara ameigeuza upande wa pili, mara ameitia rangi ya zamani, lakini ni picha moja. Nilipoinua macho, jirani yangu alikuwa hacheki tena. Akasema anakwenda kufua.

Nikapanda kilima nikapiga simu. Mdogo wangu akasema mama amelala, na ilikuwa saa sita mchana. Nilipopiga tena, mama yuko shambani. Tena, yuko kwenye maombi. Nikamwambia anitumie picha ya mama ya leoleo, bila fremu. Akasema, "Yaya," ndivyo anavyoniita mimi kaka yake, "bila maua haitapendeza."

Sisi wachimbaji tuna desturi yetu. Mtu akifiwa nyumbani hatumwambii akiwa huku, maana mwenye moyo mzito akishuka shimoni hasikii udongo unapoanza kumeguka. Tunamwacha juu avute kamba mpaka kwao wamwite, na wazee wampokee njiani, wamkalishe, ndipo wamwambie. Mwaka huu tulimfichia mwenzetu mmoja hivyo, nami nikawa nataniana naye kama kawaida. Sasa tangu siku ile ya picha, jirani yangu hataki nishuke. Kila asubuhi ananiambia, "Leo we baki juu, uvute kamba. Mi nitashuka." Nikimuuliza kwa nini, anasema nimekonda.

Hakuna aliyenitamkia kitu. Labda mama anaumwa tu. Labda amekataa picha, ndivyo alivyo. Sina hasira na mdogo wangu. Nikimfikiria amekaa peke yake anachagua rangi ya maua ya Jumapili inayokuja, nashindwa hata kula.

Ninyi mnaosoma, nisaidieni mawazo. Nikimwambia kwamba ninakuja, atawaambia wazee. Na nikishuka kwenye pikipiki nikawakuta wamesimama wananingoja, nitakuwa nimeshajibiwa kabla hawajafungua kinywa. Nikienda kimya, nitafika hadi nyumbani, na itabidi mdogo wangu anitamkie yeye mwenyewe, bila mtu wa kumshika mkono. Nimwambie au nisimwambie? Alhamisi naondoka huku. Mvua isiponyesha, Ijumaa jioni nitakuwa Baraka.