Gari Lililovishwa Buibui

"Kuku wako ametaga ndani ya gari langu, shemeji," alisema Jamaludin, yai lenyewe kalishika mkononi kama askari aliyemkamata mwizi na ushahidi. "Tena juu ya kiti cha ngozi."

Nilimjibu kwamba kuku wangu hakupata bahati ya kwenda skuli, hajui ngozi wala gunia. Nikaongeza kwamba kuku mwenye akili hutafuta mahali patulivu, na tangu gari lile liburutwe hadi Likoni halijatikisika hata siku moja, kwa hivyo sikuona kosa lake. Jamaludin akaanza kunieleza kwamba lile si gari hivi hivi, ni gari la mbio la viti viwili, limeundwa kabla ya vita, na pwani nzima halina mwenzake. Nikasema alhamdulillahi.

Hapo mdogo wangu Suad, ambaye ndiye mke wa bwana huyu, akatokeza kichwa mlangoni. Suad si mtu wa kupaza sauti. Sauti za nyumba yetu nilizirithi mimi zote.

"Kuku wa dada ameshalikalia gari lako, Baba Alawiya," alisema. "Mimi bado."

Jamaludin akalitazama lile yai kana kwamba atasaidiwa nalo. Alijua anadaiwa, na mtaa mzima ulijua anadaiwa nini.

Jamaludin alikuwa fundi wa kushona kanzu, na kwa kanzu simsingizii. Darizi yake ya shingoni watu walivuka feri kuja kuifuata. Lakini moyo wake haukuwa kwenye sindano, ulikuwa barabarani. Gari likishuka kwenye feri, yeye kwa mlio tu ameshalijua ni la aina gani, na kama ni la mbio atatoka nje kulitazama hata kama mteja amesimama katikati ya duka, mikono kainyoosha, anangoja kupimwa. Shekhe mmoja aliachwa vile mpaka mabega yakafa ganzi.

Ugonjwa huu alioa nao. Desturi yetu, bwana harusi huingia nyumbani kwa mke, na fungate likiisha bibi harusi hupelekwa kwa mumewe kwa heshima zake. Jamaludin aliahidi gari, na kweli alilikodi kutoka mjini, jeusi, linang'aa, lina mapazia madirishani ili bibi harusi asionekane. Akamwambia dereva wazunguke kidogo kwanza, asikie injini. Walizunguka mpaka Ng'ombeni, na huko petroli ikaisha. Suad alitoka kwa baba yetu Mtongwe kwa miguu, amezungukwa na mashangazi wanaoimba kwa hasira, na ile hina tuliyokesha tukimchora nyayoni ikakwaruzwa na changarawe kabla hajafika. Jamaludin alitokea kesho yake. Alitueleza kwamba kwenye mteremko injini ilikuwa tamu ajabu.

Hilo ndilo deni. Suad hakulisamehe wala hakulipigia kelele. Alilitunza tu kama watu wanavyotunza dhahabu, akilitoa siku za sikukuu.

Basi mwaka ule Uhuru umekaribia, wazungu wanafunga mizigo, mmoja wao akamwachia Jamaludin gari lake kwa bei ya kutupa. Jekundu, refu la pua, fupi pengine pote. Mlango wake mmoja haufunguki, na wa pili hufunguka ukipenda. Paa halina. Mwanamke wa heshima, mwenye buibui lake, huwezi kumpandisha kwenye gari wazi kama shehena ya mananasi ukampitisha mbele ya soko zima. Jamaludin hilo hakuliwaza. Aliwaza silinda.

Kila baada ya Alasiri baraza la duka likajaa wataalamu. Alikuwapo Barakat, muuza viungo, ambaye hajapata kumiliki hata baiskeli, lakini dukani kwake amebandika picha za magari kutoka magazeti ya Kizungu mpaka bizari huioni. Alikuwapo Wafula, mtu wa bara, dereva wa lori la bandarini, na kati yao ndiye pekee aliyekuwa akiendesha kitu. Walilizunguka lile gari, wakaligonga tairi kwa vidole vya miguu, wakaulizana maswali. Barakat aliuliza, jini akikutokea akakupa gari moja tu katika dunia, utachagua lipi. Wafula akataka kujua kwanza kama jini mwenyewe atatoa na petroli. Siku nyingine ikaulizwa lipi bora, gari zuri lisilowaka au baya linalowaka. Jamaludin akasema zuri lisilowaka, kwa kuwa likiwaka litatoka, na likitoka litachafuka. Wenziwe wakatikisa vichwa kwa kukubali. Mimi nilikuwa dirishani napepeta mchele, nikajiuliza huo Uhuru wanakuja kupewa kina nani.

Sasa siku ile ya yai Suad alifunga nguo zake katika leso, akasema anakwenda kwa mama Mtongwe, na atarudi kama alivyopaswa kuja mara ya kwanza.

"Kwa gari," alimwambia mumewe. "Nimesitirika, mpaka mlangoni. Kwa miguu nilishakuja."

Siku ya kwanza Jamaludin alicheka. Ya pili alipika mwenyewe, na harufu ikatufikia majirani. Ya tatu alikuja kwangu kuuliza chumvi hutiwa saa ngapi, nikaona macho yake, nikaacha kumcheka. Alikuwa amekwenda Mtongwe asubuhi na mkufu wa zawadi, na Suad ameurudisha kupitia kwa mama, hakutoka hata ukumbini. Mtu aliyezoea mke mpole hajui mpole akikataa hukataa vipi.

Barakat alimshauri achukue taksi, shida iishe. Wafula ndiye aliyemkatiza.

"Taksi, fundi? Na hili la nini? La kuku?"

Basi Wafula akalala chini ya gari. Alisafisha plagi, akalifungua kabureta akatoa humo kitu ambacho nadhani kilikuwa nyumba ya mavu, na jioni moja gari likakohoa, likatema moshi, likanguruma. Kuku wangu hakuonekana tena mpaka Magharibi. Wale wanaume watatu walisimama wameshikana mabega na machozi yanawalenga, na harusini kwa watoto wao sikupata kuwaona hivyo.

Lilibaki paa. Jamaludin akasema paa ni nguo tu, na nguo ndiyo kazi yake. Alilipima gari bega, kifua na urefu, akakata kitambaa cheupe cha kanzu. Kwa kuwa mkono haukuzoea vinginevyo, akakitia darizi mbele na shada la nyuzi likining'inia. Barakat nusura alie. Alisema raha ya gari la mbio ni upepo usoni, na kulifunika ni kumvika farasi kilemba. Wafula akauliza kama Ijumaa litakwenda msikitini lenyewe.

Mimi nilimwambia Jamaludin aingie akae ndani, jua likiwa upande wa pili. Kisha nikamwambia kutoka nje kwamba namwona mpaka sharubu. Fundi anayewakemea wateja kila siku wasivae kanzu nyeupe bila shuka chini yake, alikuwa amelivisha gari kanzu bila shuka.

Hakubisha. Aliingia dukani akatoka na jora la kitambaa cheusi cha mabuibui.

Barakat akasema lile ni gari la kiume, na leo linavishwa buibui mchana kweupe. Wafula akataka kujua kuanzia sasa walisalimie vipi, na kama akitaka kuligusa boneti abishe hodi. Walicheka sana. Jamaludin hakuinua kichwa kwenye cherehani.

"Nyinyi mna maswali," alisema. "Mimi nina deni."

Barakat akamshikia kitambaa kisiburutike.

Alhamisi alikwenda kumchukua. Mama alinihadithia kwamba Suad alitoka akiwa amejifukiza udi na kujitanda, akalizunguka gari mara moja, akashika pindo la lile buibui akaangalia mshono, kisha akaingia. Sisi tulingoja huku Likoni. Tuliwasikia kabla ya kuwaona. Kisha gari likatokea, jeusi juu, jekundu chini, linakwenda polepole, na wazee wawili kwa muuza kahawa wakasimama kwa heshima wakidhani ni maiti inapitishwa.

Kwenye kona ya mwisho likakohoa, likazima.

Jamaludin akapiga stati mpaka ikaacha kujibu. Nyumba yake ilikuwa pale inaonekana, hata ngazi za baraza unaziona. Akashuka, akainama kwenye pindo la lile buibui akasema kwa sauti ya chini kwamba labda, kwa kuwa pamebaki hatua chache...

"Mpaka mlangoni, Baba Alawiya," likajibu buibui.

Basi wataalamu wakasukuma. Barakat, kanzu yake safi ya Alhamisi, huku; Wafula kule; Jamaludin ubavuni, mkono mmoja kwenye usukani. Mwezi mzima walikuwa wakibishana gari lile lina nguvu za farasi wangapi. Siku ile walihesabiwa.

Lilipofika mbele ya ngazi likasimama lenyewe. Jamaludin akauvuta mlango, Suad akateremsha mguu wake kwenye jiwe la kizingiti. Alikuwa ametiwa hina mpya, ua zima nyayoni hadi kifundoni, halina hata mkwaruzo. Aliutazama, akautazama na wa pili. Kisha akamtazama mumewe, jasho linamtiririka, vumbi limemjaa ndevu.

"Haya," alisema. "Nimefika. Sikudai tena."

Akaingia ndani kupika. Jamaludin akabaki amesimama barazani na mlango wa gari mkononi, maana umeng'oka wote, anacheka peke yake.