Habari za Hurma

Sabhai aligoma kuhama. Jeshi lilipotangaza kwamba vifaru vinavuka mpaka, kijiji kizima kilipakia ngamia kikaondoka. Mama huyo alibaki na mbuzi wake kando ya kisima, mkaidi kama alivyozaliwa. Mimi ni shemeji yake, nikabaki kwa kuona aibu tu.

"Nikiondoka, Hurma akileta salamu zitanikuta wapi?" aliniuliza.

Hurma ni mdogo wake, aliolewa ng'ambo ya mpaka. Tangu vita vya kabla ya hivi, mpaka ulifungwa, hapakuvuka mtu wala neno. Sabhai hakujua kama mdogo wake yu hai, na hilo ndilo lililomnyima usingizi, si vifaru.

Basi vikaja. Askari wetu wachache walijichimbia juu ya kilima cha mchanga wakavizuia usiku kucha. Mimi nilikuwa chini ya kitanda, sifichi. Shemeji alikuwa nje anawatuliza mbuzi. Vifaru vingi vilikwama mchangani, na kulipokucha ndege zetu zikaja kuvichoma. Mungu si Athumani.

Mchana askari wawili wakapita kisimani na mateka, mchungaji wa ng'ambo aliyelazimishwa kuvionyesha vifaru njia. Midomo ilikuwa imempasuka kwa kiu. Sabhai akamchotea maji.

"Mama, huyo adui," askari mmoja akasema.

"Adui hana koo? Hebu nyamaza, na wewe unywe."

Jangwani kwetu humwulizi mgeni jina kwanza, unamwuliza anakunywa kisima gani. Sabhai akamwuliza. Yule bwana akakitaja. Kilikuwa kisima cha akina Hurma.

"Unamjua Hurma, mke wa Jado?" Sabhai akamsogelea.

Mateka akashusha kata. "Hurma? We mama, yule mkali! Juzi tu kanitandika fimbo, eti ngamia wangu kamvurugia maji. Bega mpaka leo linauma."

"Juzi hii?"

"Juzi hii hii."

"Nionyeshe."

Yule bwana akawatazama askari, kisha akafunua shati. Alama ya fimbo ilikuwepo, bado imevimba. Sabhai akaiwekea kiganja taratibu, akalia kwa furaha, na askari wakaona haya kumharakisha.