Siku Niliyokula Sadaka Madhabahuni

Jamani, acheni niseme tu, maana aibu yenyewe nusu ya Karagwe wanaijua: mimi ndiye yule mama aliyekula sadaka mbele ya Mchungaji, tena kwa mikono miwili.

Siku hiyo ilikuwa ibada ya mavuno hapa Nyaishozi na nilikuwa nitoe ushuhuda, kwa sababu nilikuwa nimemaliza miaka mitatu tangu nitibiwe saratani ya titi kule Mwanza, na usharika mzima uliniombea. Ila kuna jambo sikumwambia mtu, hata binti yangu Anita anayeuza dukani kule Rubwera: wakati wa yale matibabu sukari yangu ilipanda ikagoma kushuka, na tangu hapo najichoma insulini. Niliogopa. Kwetu ukishapona saratani, hata ukikohoa watu wanakutazama kwa huruma ("imerudi, maskini"), nami nilichoka kutazamwa hivyo.

Asubuhi nikajichoma sindano, ndizi ziko jikoni zinatokota, nikijua nitakula ndipo nitoke. Mara wifi yangu Justa huyo mlangoni.

"Mama Anita, twende waitu, mwenzangu, tutakosa viti vya mbele!"

Hapo ndipo nilipojiharibia. Nesi alishanionya kwamba ukishachoma lazima ule, lakini ningemwelezaje Justa bila kutoboa siri? Nikaepua sufuria, nikajiambia ibada yenyewe ni saa moja tu (ibada ya mavuno, saa moja! Sijui nani alinidanganya).

Kwaya ya tatu ilipoanza, mikono ikaanza kutetemeka. Jasho likanitoka, moyo unanidunda, halafu nikasikia naitwa. Nikaenda mbele, nikashika kipaza sauti, maneno yakakataa, ulimi mzito kama si wangu. Watu wakadhani ni furaha, wakapiga makofi. Mara nikakaa chini pu!

"Mawe, mama yangu! Imerudi!" Justa akalia. "Saratani imerudi!"

Wazee wa kanisa wakanizunguka, wakaniwekea mikono, wanaomba kwa sauti kubwa, na mimi najua kabisa kwamba nisipopata kitu kitamu sasa hivi nazimika, lakini kila nikijaribu kuinuka wananikandamiza, "Tulia, mama, tulia." Hatua mbili tu kutoka nilipo kuna mazao ya sadaka: maharage, kahawa, kuku kafungwa miguu, na mkungu wa ndizi kisukari zilizoiva (ndiyo, zina jina la ugonjwa wangu, si mimi niliyezibatiza). Macho yakaanza kuona giza. Nikamng'ata mzee mmoja mkono, Mungu anisamehe, akaniachia, nikatambaa hadi kwenye mkungu. Ya kwanza niliila na ganda lake.

"Anakula sadaka!"

Justa akaja mbio kuninyang'anya.

"Sukari," nikasema, mdomo umejaa. "Nina sukari. Nilichoma sindano, sikula."

Mchungaji akachuma nyingine, akaimenya mwenyewe, akanipa.

Wakanipeleka zahanati, nikapimwa, nikapewa uji, nikaambiwa nipumzike. Mchana nimekaa kwenye benchi nje, nimejifunika kanga mpaka usoni kwa aibu, ikaja bodaboda kwa kasi. Anita. Vumbi mwili mzima, mguu mmoja hauna ndala. Kumbe alipigiwa simu kwamba mama ameanguka madhabahuni, na alipofika Nkwenda njiani mwingine akampigia kwamba mama hatunaye.

Hakunikumbatia. Alisimama tu, ananitazama.

"Kutoka Nkwenda mpaka hapa nimekuzika, Mama."

Nikamwambia ni sukari tu, mwanangu.

"Saratani uliniambia. Hii ulininyima kwa nini?"

Siku hizi nikikaa karibu na mtu yeyote, msibani, harusini, hata kwenye kikoba, kabla hajauliza namwambia: nina sukari, ukiniona natetemeka nipe soda kwanza, maombi baadaye. Wengine wanacheka, na wapo wanaoniita Mama Sadaka. Waniite tu. Ila mwanangu kunizika mara ya pili nikiwa hai, hilo nimeapa, halitatokea.